WAZEE WETU NA HESABU YA MIAKA YAO

Ukiulizwa leo una umri gani utajibu kabla swali halijaisha. Una cheti cha kuzaliwa, jina lako limo katika rejista ya shule, na mama yako pengine anakumbuka hata saa uliyozaliwa. Sasa hebu nenda kamwulize nyanya yako swali hilo hilo. Kuna atakayekutajia mwaka. Kuna atakayekuambia, "Nilizaliwa mwaka wa mafuriko." Na kuna atakayecheka tu akuambie uache maneno mengi umletee maji ya kunywa.

Katika makala haya nataka tujifunze wazee wa nchi yetu ni wangapi na wanaishi vipi. Halafu tutazame jambo ambalo mimi naliona zito zaidi, nalo ni hili: miaka yao huhesabiwa na nani? Usidhani ni swali la mchezo. Siku hizi mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho ndio unaoamua ni mzee yupi atakayepata shilingi elfu mbili kwa mwezi, na ni yupi atakayerudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa kuwa sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili, wacha nianze na maneno yenyewe. "Mzee" ni mtu mwenye umri mkubwa, lakini pia ni neno la heshima. Ndiyo maana hata mtu wa miaka thelathini, bora awe na kitambi na gari, makanga wa matatu atamwita mzee. Aliyezeeka sana huitwa kikongwe. Kikongwe wa kike ni ajuza na wa kiume ni shaibu. Mwanamke aliyefiwa na mumewe ni mjane, na mwanamume aliyefiwa na mkewe ni mgane, neno ambalo wengi wetu tunalisahau kwenye mtihani. Mama mzaa baba au mzaa mama twamwita nyanya, Waswahili wa pwani husema bibi, na vijana wa mjini wamezoea shosho. Sisi Wakamba tunamwita Susu.

Kisheria mambo ni wazi zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inasema kwamba mzee ni mtu aliyetimiza miaka 60. Kifungu cha 57 nacho kinaitaka serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Zingatia hapo: jamaa pamoja na serikali. Watu wengi hukumbuka nusu moja tu, ile inayowafaa wao.

WAO NI WANGAPI?

Sensa ya mwisho ilifanyika usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Tulihesabiwa watu 47,564,296. Kati yetu, waliokuwa na miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7, yaani karibu watu 6 katika kila 100. Katika sensa ya 2009 wazee wa umri huo walikuwa kama milioni 1.9. Kwa hivyo katika muda wa miaka kumi waliongezeka kwa takriban laki nane. Upande wa pili, watu 75 katika kila 100 walikuwa hawajafika miaka 35. Ukisikia kila kiongozi jukwaani anasema "vijana, vijana", basi si ajabu, kura ziko huko. Nchini Japani hali ni tofauti kabisa. Huko watu waliotimiza miaka 65 ni karibu 29 katika kila 100, ilhali kwetu wa umri huo hawafiki hata 5.

Kuna hesabu moja inayotupotosha sana darasani. Takwimu za sensa ya 2019 zilionyesha kwamba mwanamume wa Kenya anatarajiwa kuishi miaka 60.6 na mwanamke miaka 66.5. Mwenzangu mmoja aliposikia hivyo akasema, "Basi babu yangu wa miaka 80 anaishi kwa mkopo!" Sivyo hata kidogo. Huo ni wastani unaoanzia siku ya kuzaliwa. Ndani yake wamo watoto wachanga wanaofariki kabla ya kutimiza mwaka, na wamo pia vijana wanaofia barabarani juu ya pikipiki. Hao ndio wanaoivuta hesabu ikashuka. Mtu aliyekwisha kufika 60 amevuka mito mingi tayari, na kwa kawaida bado ana miaka zaidi ya kumi mbele yake. Tena wanawake huishi zaidi kuliko wanaume. Tembea kijijini kwenu utaona mwenyewe wajane walivyo wengi na wagane walivyo wachache.

Mbona wazee wanaongezeka? Sababu moja ni kwamba watoto waliochanjwa na kutibiwa miaka ile baada ya uhuru sasa wanaota mvi. Lakini iko hesabu nyingine inayokuja polepole nyuma yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya kwa wastani alizaa watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa afya na jamii wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 3.4. Susu wangu alizaa saba. Akiugua huyu, yule yupo. Huyu akikosa fare ya kuja nyumbani, yule atatuma chochote. Mama yangu ana watatu. Piga hesabu wewe mwenyewe uzeeni kwake zamu itakuwaje.

SIKU MOJA YA SUSU

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Silali bwenini, nalala kwa Susu, mamake baba, mwendo wa kama kilomita tatu kutoka shuleni, huku Machakos. Kwa hivyo maisha ya uzeeni sikuyasoma kitabuni. Nayaona asubuhi na jioni.

Susu huamka saa kumi na moja alfajiri bila saa ya kumwamsha. Nikitoka kwenda shule saa kumi na mbili, yeye amekwisha kufagia uwanja, amewasha moto na kumfungulia punda. Wakati wa kiangazi maji tunayachota mtoni, mahali ambapo huwezi kuona maji. Ni mchanga mtupu, nawe unachimba shimo mpaka maji yajikusanye chini, ndipo unateka kwa kata. Hapo foleni ni ndefu, na usishangae kuona kwamba wengi walio katika foleni ni wanawake wenye mvi. Vijana tuko shuleni, na wengine wako Nairobi.

Akitoka mtoni huenda shambani. Shamba letu lina mitaro ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu ili kuzuia mmomonyoko. Somo la Kilimo limetufundisha kwamba Machakos ni maarufu kwa mitaro hii. Kile ambacho somo halikutufundisha ni kwamba mingi ilichimbwa na akina Susu. Walifanya kazi kwa zamu katika vikundi vinavyoitwa mwethya, leo kwako kesho kwangu, huku wakiimba na watoto wakiwa mgongoni. Mitaro ingali pale. Magoti yaliyoichimba ndiyo sasa yanapakwa dawa kila jioni.

Mchana jua likiwa kali hukaa chini ya mwembe akisokota uzi wa katani wa kusukia kiondo. Alhamisi ana chama chake cha akina mama, wale wa kuchangiana pesa kwa zamu. Usimwambie akikose! Chakula anachopenda ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Husema aliyebuni muthokoi alikuwa na meno kama yake, maana mahindi yenye ganda yanataka kijana.

Jioni nikirudi, kabla hata sijavua viatu, ananipa simu. "Hebu niangalie kama kuna aliyenikumbuka." Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mapenzi ya watoto walio mbali huja kwa njia ya ujumbe, na ujumbe unataka macho. Macho ya Susu yana mtoto wa jicho, kwa hivyo msomaji ni mimi na nambari ya siri naijua mimi. Anaposema "wewe ndiye benki yangu" mimi hucheka, lakini najua si kila mzee ana mjukuu wa kuaminika. Wapo wajukuu ambao wakitumwa kutoa elfu moja hurudi na mia saba na hadithi ndefu.

Ana ugonjwa wa presha, na kila mwezi huenda kituo cha afya. Mara nyingine dawa zipo, mara nyingine anaandikiwa karatasi akanunue dukani. Bima ya afya nayo ilibadilika kutoka NHIF ikawa SHA tarehe 1 Oktoba 2024, na kujisajili kukawa kwa simu. Nilimsajili Jumapili alasiri, nikapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

Jambo lingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba wazee wa nchi hii hawatunzwi tu, wao pia ni watunzaji. Ukimwi, ambao serikali ya Kenya iliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, uliwaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya zao. Wanawake waliokuwa wamemaliza kulea wakaanza tena upya na nepi, tena bila mshahara. Darasani mwetu wamo wanafunzi ambao ukiitwa mkutano wa wazazi anayekuja ni ajuza mwenye bakora, naye hukaa mstari wa mbele.

Sitaki kudanganya eti kila mahali mvi ni heshima. Huko Kilifi, na pia Kisii, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba ambalo mtu analitamani. Ganze, katika kaunti ya Kilifi, kuna makao yaitwayo Kaya Godoma ambako wazee waliotishiwa kuuawa hukimbilia. Mtu akimbie nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kwa sababu ya rangi ya nywele zake! Nilipomsomea Susu habari hizo alinyamaza kitambo, kisha akaomba tubadilishe stesheni, ingawa redio haikuwa imewashwa.

KIPANDE NA MWAKA 1958

Sasa tuje kwenye kiini. Mzee wa kijijini kwa kawaida hana pensheni. NSSF ilianzishwa mwaka 1965, lakini aliyefaidika hasa ni yule aliyekuwa ameajiriwa akakatwa mshahara. Aliyelima shamba lake, aliyeuza ndizi sokoni, aliyechuna kahawa ya mwingine kwa kulipwa kwa debe, hakukatwa kitu na hakuwekewa kitu. Kwa ajili ya watu kama hao serikali ina mpango wa Inua Jamii. Mwanzoni ulikuwa wa wazee maskini wachache tu. Kuanzia mwaka 2018 ukafunguliwa kwa kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 asiyepokea pensheni. Pesa zenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mtu wa mjini hizo ni za siku moja. Kwa Susu ni unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa na dawa za presha, tena zinabaki za kutoa kwenye chama.

Susu hapati. Kitambulisho chake kimeandikwa mwaka 1958, bila siku wala mwezi. Mwaka 2025, kwa mujibu wa kadi hiyo, alikuwa na miaka 67.

Ili uelewe kadi hiyo ilipata wapi mwaka 1958, inafaa tujue historia kidogo. Kuandikisha vizazi kulikuwa sheria tangu enzi za ukoloni, lakini ni mwaka 1971 ndipo usajili wa lazima ulipofika sehemu zote za Kenya. Maana yake ni kwamba karibu kila mzee wa kijijini mwenye miaka 70 leo alizaliwa bila karatasi yoyote. Kipande nacho, ambacho wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kukivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa cha wanaume tu. Wanawake wa Kenya hawakuhitajika kuwa na kitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kumbe nyanya zetu waliingia katika daftari la serikali wakiwa watu wazima, wengine wakiwa tayari na watoto watano!

Susu anaikumbuka siku hiyo vizuri. Walipanga foleni tangu asubuhi. Karani hakumwuliza alizaliwa lini, kwa sababu alijua hatapata jibu. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaona mwanamke mfupi, mwembamba, akaandika. Susu hakusumbuka. Wakati ule umri haukuwa unaleta chochote, na alikuwa na mtoto homa nyumbani.

Kalamu hiyo ya kukadiria haikumwonea Susu peke yake. Kuna mzee jirani yetu ambaye kitambulisho chake kinasema 1944. Yeye mwenyewe anasema alizaliwa baada ya baba yake kurudi kutoka Burma, na askari wa King's African Rifles hawakurudi mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Kwa hivyo kadi imemwongezea angalau miaka miwili. Utasema ana bahati. Haya, bahati hiyo ilimfanya astaafu mapema kazi ya serikali, maana zamani umri wa kustaafu ulikuwa miaka 55, mpaka ulipopandishwa kuwa 60 mwaka 2009. Alikwenda nyumbani akiwa na nguvu zake na mtoto mmoja yuko kidato cha pili.

Hata watu mashuhuri wamekuwa na shida hii. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwezi wa Januari 2004, dunia nzima ikasema ana miaka 84 na jina lake likaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Yeye aliamini alizaliwa mwaka 1920, lakini hakuwa na karatasi ya kuthibitisha. Neno lake ndilo lililokubaliwa. Alifariki mwaka 2009. Mimi najiuliza, kama neno la mzee lilitosha kwa rekodi ya dunia, mbona halitoshi kwa elfu mbili?

JINSI YA KUHESABU

Watu wa sensa wanaijua shida hii tangu zamani. Kwanza, wanajua kwamba mtu asiyejua umri wake hupenda kutaja nambari inayoishia kwa sifuri au tano. Ukiichora grafu ya wazee utaona inapanda ghafla kwenye 60, 70 na 80, kana kwamba wanawake walikubaliana kuzaa kila baada ya miaka kumi. Pili, afisa wa sensa hubeba kalenda ya matukio, yaani orodha ya mambo makubwa ambayo watu wa eneo lile hawawezi kuyasahau, kila moja na mwaka wake. Humwuliza mzee: jambo fulani lilipotokea, ulikuwa umezaliwa? Ulikuwa unatembea? Ulikuwa umeolewa?

Nchi yetu ina matukio ya kila mtu. Vita vya Pili vya Dunia vilianza 1939 vikaisha 1945. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Lakini yaliyo na faida zaidi ni yale ya nyumbani. Wakikuyu wanaikumbuka njaa ya mihogo ya mwaka 1943. Wakalenjin wana marika yanayofuatana kama vyumba vya treni, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, na mtu akikutajia rika lake umekwisha kujua yeye ni wa kizazi gani. Nasi Wakamba, kwa kuwa mvua hutuacha mara kwa mara, tunazipa njaa majina. Ngomanisye ilikuja mwishoni mwa karne ya 19. Nikw'a Ngwete ilikuja karibu na mwaka 1980. Jina hilo maana yake ni "nafa nimeshika", kwani watu walikuwa na pesa mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Katikati ya hizo iko Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, ya mwaka 1961. Ukame ulitangulia, kisha zikaja mvua kubwa zilizokata barabara, ikawa chakula kinaletwa kwa ndege.

Basi likizo ya Aprili nilikaa na Susu jikoni, mimi na daftari, yeye na ungo wa maharagwe.

"Susu, njaa ya ndege unaikumbuka?"

"Niisahau vipi? Nilikimbia nikajificha kwenye mahindi makavu. Nilidhani ndege inakuja kutuchukua."

"Ulikimbia peke yako?"

"Na mdogo wangu mgongoni. Mama alikuwa amekwenda kwa chifu. Na huyo mtoto alikuwa mzito!"

Nikamwuliza kama meno ya utotoni yalikuwa yameng'oka. Akasema ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya yameota, maana watoto wengine walikuwa wakimcheka kuwa ni makubwa kama ya sungura. Sasa tupige hesabu. Mtoto huota meno mapya ya mbele akiwa na miaka kama saba au minane. Kama Susu alikuwa na miaka saba au minane mwaka 1961, alizaliwa mwaka 1953 au 1954. Na kama alizaliwa mwaka 1958 jinsi kadi inavyodai, basi alikuwa na miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu amebeba mwenzake mgongoni akakimbia naye? Hata katika hadithi za Abunuwasi sijasikia.

Ushahidi wa pili ni baba mkubwa, kifungua mimba wa Susu. Yeye alizaliwa mwaka 1971, na cheti chake kipo. Kwa hesabu ya kitambulisho, Susu alimzaa akiwa na miaka 13. Nilipomwambia hivyo aliangusha ungo kwa kicheko. Anasema kabla ya kuolewa alikwenda Kangundo kuchuna kahawa misimu miwili, akamnunulia mama yake blanketi na sufuria, na mahari yake ilipoletwa alikuwa mwanamke kamili. Kwa vyovyote vile, mwaka 2025 Susu alikuwa na miaka 71 au 72. Amekwisha kupita mlango wa Inua Jamii, ila kadi yake ndiyo iliyobaki nje.

Tulikwenda kwenye ofisi moja kuuliza. Sitaitaja. Kijana aliyekuwa dirishani, ambaye hakuwa mbaya, alituambia tulete cheti cha kuzaliwa cha Susu. Nilimweleza kwa adabu kwamba angekuwa nacho tusingekuja. Akafikiri, akasema basi tulete barua ya chifu, hati ya kiapo, na barua ya daktari wa hospitali ya serikali atakayekadiria umri. Daktari ataangalia, lakini mwalimu wetu wa Biolojia ametueleza kwamba mifupa na meno ya kijana anayekua husema umri kwa ukaribu zaidi kuliko ya mtu aliyekwisha kukua. Kwa mzee miaka minne juu au chini ni rahisi kupotea. Na miaka minne ndiyo tunayoipigania.

Halafu kulikuwa na kichekesho cha machungu. Walitaka alama za vidole, na mashine ikakataa. Akaweka kidole gumba, mashine ikalia. Akapanguswa kwa kitambaa, ikalia tena. Vidole vya Susu vimesokota katani na kushika jembe kwa zaidi ya miaka sitini, mistari yake imefutika ikawa laini kama kigae. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali, baada ya majaribio mengi, na watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakapiga makofi.

Mpenzi msomaji, kabla likizo haijafika tayarisha daftari. Usimwulize nyanya au babu yako "ulizaliwa mwaka gani", hilo karani alikwisha kushindwa nalo. Mwulize alikuwa anafanya nini bendera ya uhuru ilipopandishwa. Alikuwa na urefu wa kufikia nini? Nani alikuwa mgongoni mwake, au yeye alikuwa mgongoni mwa nani? Shule alikuwa ameanza, au mbuzi ndio walikuwa shule yake? Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe uliyomwuliza na jina la mtu mwingine wa rika lake aliyekuwapo. Wenzangu wawili chamani wamekwisha kuanza, na mmoja amegundua kwamba babu yake na ndugu mdogo wa babu yake wana mwaka mmoja kwenye vitambulisho, ingawa wamepishana miaka mitano na mama yao ni mmoja.

Sisi kwetu tumefika hapa. Barua ya chifu tunayo. Mdogo wa Susu, yule aliyekuwa mzito, bado yuko hai na amekubali kuja kuapa kwamba alibebwa. Maelezo yote nimeyaandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, mistari kumi na tatu ikiwa ni habari za ndege ile. Susu ameweka kidole cha pete chini ya ukurasa wa pili, na Jumatatu baba mkubwa anapeleka.